Mkanda Mwekundu Nyuma ya Kompyuta

Mlio ulitangulia. Ulikuwa mwembamba kama wa mbu aliyenaswa ndani ya kopo. Ukapanda, ukakohoa, ukapanda tena kwa hasira zaidi. Watu waliojazana kwenye jumba la maduka ya kompyuta wakaanza kutazamana, kila mmoja akishuku mkoba wa mwenzake.

Kisha wakamwona mwenye mlio. Alikuwa dada mrefu kiasi, gauni la kijani lililopigwa pasi likanyooka, viatu vya chini, na penseli imechomekwa katikati ya nywele kama nguzo ya kuzizuia zisiporomoke. Kifuani amekumbatia laptopu iliyofunguka nusu, na feni ya laptopu hiyo ndiyo iliyokuwa ikilia. Akaitua kwenye kaunta ya duka lililokuwa kubwa kuliko mengine yote.

"Nataka kompyuta mpya," alisema. "Ya kuchorea majengo. Hii nikiifungulia ramani ya ghorofa mbili tu inaanza maombolezo."

Muuzaji alikuwa na tai nyembamba na manukato mengi. Akaitazama laptopu, akamtazama mwenyewe, halafu akayapitisha macho juu ya bega la yule dada na kumtabasamia kijana aliyesimama nyuma yake.

"Karibu sana kaka. Shemeji anapenda rangi gani?"

Dada akageuka. Kijana mwenyewe hajapata kumwona maishani mwake: mrefu, mwembamba, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko, bisibisi imelala nyuma ya sikio.

"Mimi nimefuata waya," kijana alisema. "Huyu dada simjui. Na aliyezungumza ni yeye, kwa hiyo mjibu yeye."

"Aa, samahani." Muuzaji akavuta kasha linalowakawaka taa nyekundu, bluu na zambarau. "Basi dada, chukua hii. Filamu zinacheza, muziki unacheza, hata wewe mwenyewe utacheza."

"Prosesa yake ina kasi gani?"

"Prosesa, dada, ngoja nikueleze taratibu, ni kama ubongo wa..."

"Najua prosesa ni nini. Nimeuliza kasi."

"Kasi ni kubwa."

"Na kadi ya michoro?"

Muuzaji akashusha pumzi, akayarudisha macho yake kule kule nyuma. "Kaka, hebu msaidie shemeji, maana haya mambo..."

Damu ikamchemka dada wa watu mpaka masikioni.

"Sikiliza, wewe mwenye tai," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba foleni nzima ilinyamaza ili isikie. "Huenda nyumba unayolala nimeichora mimi. Mtu mwingine akinifundisha leo kama mtoto wa chekechea, nachukua bisibisi ya huyu kaka namtoboa nayo jicho. Na taa zako baki nazo. Taa ninazo nyumbani."

Akaikumbatia laptopu yake, mlio ukamfuata mpaka kwenye ngazi.

Hasira ile haikuanzia dukani. Ilikuwa na mizizi mirefu. Kwa miaka alikuwa amechora katika ofisi ya mtu mmoja ambaye wote walimwita Bosi. Yeye ndiye aliyepima viwanja juani, akachora misingi, kuta, ngazi na mapaa, na kila karatasi ilipokamilika, Bosi alikuja na kikombe chake cha chai, akainama, na kwenye kile kisanduku cha pembeni kinachosema nani amechora, akaandika jina lake mwenyewe. Siku aliyouliza, aliambiwa wateja hawapendi majina mengi. Jina lenyewe lilikuwa moja. Tatizo ni lilikuwa la nani.

Lakini sasa kulikuwa na Daktari. Daktari wa macho, mama mkavu asiyependa maneno mengi, alitaka kujenga kliniki, na alimtafuta yeye kimyakimya, si Bosi. Sharti lake lilikuwa moja tu: kabla jiwe la kwanza halijawekwa, alitaka atembezwe ndani ya kliniki hiyo kwenye skrini, mlango kwa mlango, kama mgonjwa. Kazi ile ingemtoa kwa Bosi moja kwa moja. Na laptopu iliyokuwa ikilia kama mbu isingeweza kumtembeza Daktari hata barazani.

"Dada. Dada wa penseli."

Alikuwa yule kijana, waya mkononi, anashuka ngazi mbilimbili.

"Na wewe umekuja kunieleza ubongo?"

"Hapana. Nimekuja unieleze wewe. Unachora nini, na inakwama wapi?"

Alimkata jicho kuanzia bisibisi hadi viatu, akitafuta mzaha. Hakuuona. Basi akamweleza, palepale kwenye ngazi, watu wakiwapita na makasha yao, na alipomaliza alishangaa kukuta laptopu imejizima yenyewe kwa uchovu na kijana bado anasikiliza.

Ndivyo walivyopeana majina. Yeye akawa Penseli, kijana akawa Bisibisi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amekibeba kitambulisho chake kichwani.

Bisibisi alikuwa na meza ya kuundia kompyuta ghorofa ya juu ya jumba lile lile, katikati ya mafundi wenzake. Na simu zikaanza.

"Penseli, umekula?"

"Nimekula. Kadi umeipata?"

"Mwanamke huyu. Nakuuliza chakula, unaniuliza kadi."

"Chakula nimeshakipata. Haya, na ile prosesa?"

"Nimeona mbili. Moja ina viini vingi, ila kila kiini kinatembea kwa kujivuta. Nyingine ina viini vichache, lakini vinakimbia."

"Nichukulie inayokimbia. Ninapochora mistari, kazi karibu yote inabebwa na kiini kimoja. Vingine vinakaa kutazama."

"Kama ofisini kwenu."

Penseli akacheka hadi akashika ukuta. "Kama ofisini kwetu. Mmoja anachora, wengine wanakunywa chai. Na unasikia, kipenzi..."

Neno lilikuwa limemponyoka.

"Endelea," Bisibisi alisema taratibu. "Nasikia vizuri sana leo."

"Nilitaka kusema kumbukumbu isiwe ya kubana, na ibaki nafasi ya kuongeza."

"Kabla ya hapo ulisema nini?"

"Nimesahau. Mtandao mbaya."

Walichagua kila kitu kwa mtindo huo. Walibishana juu ya diski, wakapatana. Walibishana juu ya pawasaplai, Penseli akitaka kupunguza gharama, Bisibisi akakataa katakata, akisema kifaa kinacholisha umeme mashine nzima hakinunuliwi kwa huruma. Kwa kadi ya michoro hawakubishana hata kidogo. Kadi ndiyo ingeizungusha kliniki ya Daktari na kumtembeza ndani yake. Wote wawili walijua kwamba bila kadi hiyo vingine vyote ni pambo.

Siku ya kuiunda, Bisibisi alimpisha kwenye kiti chake. "Ipachike wewe," alisema. Penseli akaishika kadi kwa kingo zake, akaishusha mahali pake, akabonyeza, ikalia *tak*. Feni zikaanza kuvuma polepole, sauti nzito ya kutulia, si ule mlio wa mbu. Aliinua macho, akakuta ya Bisibisi hayako kwenye mashine.

"Nakupenda, Penseli."

"Kaza skrubu kwanza," alijibu, lakini mkono wake ulikuwa umeshaufunika wa kijana.

Kitu kimoja alikipenda kwa Bisibisi kuliko vyote: hakumfundisha. Akiulizwa alijibu, asipoulizwa alifanya kazi yake kimya. Alipomaliza kuiunganisha mashine kwenye chumba ambacho Penseli alikuwa amekikodi kiwe ofisi yake, alikata kipande cha mkanda mwekundu, akakibandika mahali fulani nyuma ya kasha, akafuta mikono yake, akaaga. Penseli aliuona mkanda. Hakuuliza.

"Yaani mwanamume huyu hajapata hata siku moja kunieleza kitu kama mtoto," alimsimulia mama yake.

"Vizuri," mama akasema akiendelea kukunja nguo. "Na wewe humuulizi?"

"Kuuliza nini, mama? Mashine naijua."

Akamwachia Bosi barua yake ya kuacha kazi. Bosi aliisoma bila kutua kikombe. "Utarudi," alisema. "Kiti chako sitampa mtu mpaka Jumatatu. Ila ukirudi, unarudi kama ulivyokuwa. Pembeni ya karatasi ni pangu."

Siku ya Daktari ilifika ikiwa Ijumaa. Asubuhi Penseli alisafisha chumba kama anayepokea mkwe. Aliivuta meza upande wa pili ili mwanga wa dirisha usimpige mgeni machoni, akachomoa nyaya zote, akapangusa vumbi, na alipokutana na kile kipande chekundu nyuma ya kasha akakibandua kwa ukucha. Kilikuwa kinachafua sura. Akachomeka nyaya upya. Waya wa skrini ukaingia kwenye tundu la kwanza alilolifikia, lile la juu, lililokuwa chini ya mkanda. Picha ikatokea safi. Akavaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu, akaichomeka penseli kichwani, akangoja.

Kaka yake mkubwa alikuja pia, kumtia moyo, kama alivyodai. Alikuwa mtu wa kujua kila kitu, hasa yale yasiyomhusu.

Daktari akaketi. Ramani za mistari zikafunguka vizuri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa niingize ndani," alisema.

Penseli akafungua jengo lenyewe, akasukuma kipanya. Kliniki ikasogea hatua moja, ikaganda. Akangoja. Ikaruka, ukuta ukamrukia Daktari usoni, ikaganda tena. Akajaribu tena, jasho likimchirizika mgongoni chini ya blauzi nyeupe. Skrini ikawa nyeupe kama blauzi yenyewe.

"Nina wagonjwa," Daktari alisema hatimaye, akiinua mkoba wake. Hakuwa mkali, na hilo liliuma zaidi. "Kesho jioni nitaamua. Kuna mwingine ameniomba kazi hii. Nadhani unamjua, ulikuwa kwake."

Mlango ulipofungwa, kaka mtu akakohoa.

"Mdogo wangu, hiyo kadi uliiona kwa macho yako?"

"Niliipachika mwenyewe."

"Uliipachika kule kwake. Na huku aliileta nani? Mafundi nawajua. Anakuonyesha nzuri, njiani anaitoa, anakuwekea bovu. Ndiyo maana hakufundishi. Atakufundishaje unachoibiwa?"

Maneno yale yalipata mahali pa kukaa. Penseli akapiga simu, na kaka akanyoosha mkono akaiweka sauti ya nje.

"Mpenzi, vipi, Daktari ameingia?"

"Usiniite mpenzi. Kadi yangu iko wapi?"

"Kadi gani?"

"Niliyolipia. Jengo haliendi hata hatua moja. Umeniwekea nini humu ndani, Bisibisi? Umeiuza kwa nani?"

Upande wa pili zilisikika feni za mashine za watu. Kisha sauti, na haikuwa ile ya kila siku.

"Unaniita mwizi."

"Naita nilichokiona."

"Umeona nini? Umefungua kasha? Umetazama? Hukutazama. Wewe mwenye uchungu wa mtu kulichukua jina lako pembeni ya karatasi, mimi jina langu ndilo duka langu, na umelichukua kwa simu. Kaa na mashine yako."

Simu ikakatika. Penseli alibaki ameishika, hasira ikiwa bado inamwaka, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kidogo kilichouma kama mchanga ndani ya kiatu. *Hukutazama.* Kweli hakutazama.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi, na jumba la kompyuta lilikuwa limefurika. Watu walipisha njia walipomwona dada wa penseli, safari hii bila mlio, amekumbatia kasha zima la kompyuta kama mtoto mgonjwa, anapanda ngazi akihema. Hakuwa ametaka kulifungua peke yake chumbani. Kama ni wizi, auone mbele ya watu. Kama si wizi, nalo alione mbele ya watu. Alilitua mezani kwa Bisibisi kwa kishindo.

"Fungua."

Bisibisi hakuinuka. "Bisibisi hiyo hapo. Ulisema utaitumia kwa jicho la mtu. Itumie kwa skrubu."

Mafundi wa meza za jirani wakaacha kazi. Hata yule muuzaji wa tai alikuwa amepanda juu kufuata kitu, akasimama kusikiliza. "Nilimwambia achukue yenye taa," alimnong'oneza jirani.

"Nimekusikia," Penseli alisema bila kugeuka. Akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akavuta ubavu wa kasha.

Kadi ilikuwa palepale. Ile ile, mkwaruzo wa ukucha wake mwenyewe ukiwa bado ukingoni, alioupiga siku ile ya kuipachika, mkono wake ulipoteleza kwa sababu kijana alikuwa amesimama karibu mno.

Penseli alihisi uso ukimshuka mpaka kidevuni.

"Iwashe basi," alisema, na sauti ilikuwa imepungua. "Kama kadi ipo, kwa nini ilikwama?"

Bisibisi akachomeka waya wa skrini yake, akawasha. Penseli akafungua kliniki, akasukuma kipanya. Mlango ukafunguka, baraza ikapita, wakaingia chumba cha kupimia macho, wakageuka, wakatoka, laini kama maji yanayomiminwa. Alirudi mwanzo akajaribu tena. Ikapita tena.

"Kwako inakubali," alisema. "Kwangu ilikataa. Usiniambie imekuona ikaogopa."

Bisibisi alikunja uso. Akaligeuza kasha, akatazama nyuma. "Mkanda uko wapi?"

"Mkanda gani? Ule mwekundu? Niliubandua. Mgeni alikuwa anakuja."

"Na waya wa skrini ukauchomeka wapi?"

Penseli akaonyesha kwa kidole tundu la juu.

Bisibisi akafumba macho. "Tundu hilo ni la bodi kuu ya mashine, halipiti kwenye kadi. La kadi ni hili la chini. Ulikuwa unaitembeza kliniki nzima kwa nguvu za kuandikia barua, na kadi imekaa tu pembeni inakunywa chai."

"Kwa hiyo mkanda ulikuwa..."

"Ulikuwa wa kulifunika tundu."

"Na uliniambia?"

Kijana akaanza kuuviringisha waya kidoleni.

"Nakuuliza. Uliniambia?"

"Sikukuambia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ya kwanza ulisema anayekufundisha utamtoboa jicho," Bisibisi alisema, naye hasira zikimpanda upya. "Nina macho mawili tu, Penseli. Nikasema huyu sitamfundisha kitu asichouliza. Nilikuheshimu."

"Heshima gani ya kunifichia tundu? Yule wa tai alinieleza ninachokijua, wewe ukaninyamazia nisichokijua. Nyote wawili hamkuniuliza!"

"Na wewe uliuliza? Uliuona mkanda kwa macho yako, ukasema uchafu."

"Kwa sababu nilidhani ungeniambia!"

"Kwa sababu nilidhani ungeniuliza!"

Fundi mzee wa meza ya tatu akaweka chini koleo lake. "Ndugu zanguni," alisema, "hawa wawili waozesheni haraka, sisi tupate kufanya kazi."

Kicheko kikazunguka ghorofa nzima. Bisibisi alijizuia, akashindwa. Penseli hakucheka. Alikuwa anaitazama kadi, na ule mkwaruzo wa ukucha.

"Nilikuita mwizi," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilikosea. Nilisikiliza mdomo wa mtu kuliko macho yangu. Nilikuita hivyo mbele ya kaka yangu, na mbele yake nitalifuta. Hasira zako ni za haki. Zangu nilizipeleka nyumba siyo."

Bisibisi alivuta kiti cha pili, akakipangusa kwa kiganja. "Daktari anaamua lini?"

"Leo jioni."

"Basi unangoja nini? Mpigie."

Daktari alikuja kati ya wagonjwa wake, koti jeupe bado mwilini, akaketi katikati ya feni na harufu ya risasi ya kuchomelea. Penseli alishika kipanya mwenyewe. Bisibisi alisimama nyuma na safari hii hakusema kitu kwa kuwa hapakuwa na cha kusema. Wakaingia mlangoni, wakapita baraza, wakafika kwenye ukumbi mrefu.

"Simama hapo," Daktari alisema. "Nimefungwa bandeji macho yote mawili. Nashika wapi?"

Penseli akatazama. Ukuta ulikuwa mtupu. Hakujitetea, akachora kishikio palepale, kikakimbia na ukuta kutoka mlango hadi mlango, akaligeuza jengo zima ili Daktari akione kutoka kila upande. Halikukwama.

Daktari akaelekeza kidole kwenye kisanduku cha pembeni, ambacho kilikuwa kitupu.

"Hapo panaandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Basi liandike. Nisiloliweza ni kuchorewa na mtu asiye na jina."

Jumatatu kiti cha Penseli kule kwa Bosi kilibaki kitupu.

Jumapili iliyofuata Bisibisi alifika nyumbani kwa kina Penseli, shati limenyooka, sikio limekaa peke yake bila bisibisi likaonekana kama la mtu mwingine. Kaka mtu alikuwa amekaa pembeni anachezea kitasa cha redio. Penseli alikuwa ameshalifuta neno lake mbele yake, na alikuwa amemlazimisha naye alifute lake.

Mama akamtazama mgeni tangu viatuni hadi sikioni.

"Wewe ndiye mwizi wa kadi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nasikia safari hii umekuja kuiba kikubwa zaidi."

"Nimekuja kuomba, mama. Kuiba kumenishinda, kila kitu kinakutwa mahali pake."

Kaka akacheka bila kutaka. Mama hakucheka, ingawa shavu lilimcheza. "Binti yangu huyu ni moto. Hapendi kufundishwa. Utaishi naye vipi?"

Bisibisi alimgeukia Penseli. Alikuwa amekaa wima, gauni lile lile la kijani, penseli kichwani, macho tayari yameanza kumkazia. Kijana akayatazama bila kukwepa, kisha akamgeukia mama.

"Mama, sitaahidi kumtunza, maana anajitunza mwenyewe. Naahidi hili moja, na wewe uwe shahidi: kuanzia leo, nikibandika kitu chochote ndani ya nyumba yetu, nitamwambia ni cha nini, hata akinitolea macho kama hivi."